Samaki Asiye na Jina: Kutoka Vilindi vya Antaktika hadi Ziwa Nakivale

Tarehe 13 Januari 2025 pande la barafu lenye eneo la kilomita za mraba 510 lilimeguka ukingoni mwa Antaktika na kuanza kuelea. Meli ya utafiti Falkor (too) ilikuwa jirani na shughuli zake nyingine. Wataalamu waliokuwemo waliahirisha ratiba, wakageuza meli, na kufikia tarehe 25 walikuwa juu ya sakafu ya bahari ambayo hadi wiki mbili kabla ilikuwa imezibwa na barafu. Wakateremsha roboti yenye kamera na mikono ya chuma, iliyoshuka hadi mita 1,300. Walikuta matumbawe, sifongo wakubwa ambao pengine wameishi kwa makumi au hata mamia ya miaka, pweza, buibui wa baharini wenye miguu mirefu ajabu, na samaki wa barafu. Baadhi ya viumbe hao walishukiwa papo hapo kuwa wageni kabisa kwa sayansi.

Habari ya namna hii ikisomwa kwenye simu mjini Mbarara, magharibi mwa Uganda, au kwenye kibanda cha kuchajia simu pale Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huonekana ni ya dunia nyingine. Ziwa Nakivale halifiki hata mita nne kwenda chini. Upondo ukizamishwa hugusa tope. Wanaolivua, wenyeji wa wilaya ya Isingiro na wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, hutoka na ngege, kambale, kamongo ambaye Waganda humwita mamba, na nkejje: vile visamaki vidogo vya kiganjani ambavyo Mwanza huitwa furu na hununuliwa na asiye na hela ya ngege.

Hata hivyo swali la wale wa Antaktika linaulizika Isingiro pia. Samaki huyu ni nani? Na ni nani wa kusema kwamba ni mpya?

Kwa kawaida spishi mpya hupatikana mara mbili. Mara ya kwanza huipata mvuvi, mpiga mbizi au roboti. Mara ya pili huipata mtu aliyekaa mezani na hadubini, akailinganisha na kila ndugu yake anayejulikana, akaipa jina na kulichapisha. Ni mara hii ya pili tu inayohesabiwa kuwa ugunduzi, na ndiyo iliyo adimu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba sampuli ya spishi mpya hukaa kwenye rafu za makumbusho wastani wa miaka 21 kabla ya kupewa jina. Kwa maneno mengine, mtoto aliyezaliwa siku samaki anaingizwa kwenye mtungi wa spiriti huwa mtu mzima kabla samaki huyo hajatambulika.

Bahari ya kusini inalithibitisha hilo vizuri kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1925 Mwingereza Guy Robson alimpa ngisi mkubwa kuliko wote jina la Mesonychoteuthis hamiltoni akiwa na mashada mawili tu ya mikono yaliyokutwa tumboni mwa nyangumi. Hakuna aliyempiga picha akiwa hai kwenye kilindi chake hadi Machi 2025, kamera ilipomkuta mmoja mchanga, mwenye urefu wa sentimita 30 hivi, akielea mita 600 chini ya maji karibu na visiwa vya South Sandwich. Miaka mia moja ilipita kati ya jina na sura. Mara nyingine mambo huenda kinyume: kiumbe anaonekana kila mwaka na hakuna anayetambua kwamba ni wengi waliojificha chini ya jina moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Promachocrinus, ndugu wa kiti cha pweza mwenye mikono kama manyoya. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa spishi moja. Mwaka 2023 watafiti walilinganisha maumbile na vinasaba vya sampuli zilizokusanywa kwa miaka mingi, na ile moja ikawa nane. Mojawapo, yenye mikono ishirini na kitako kinachofanana na tunda la stroberi, ilipewa jina la fragarius.

Mojawapo ya kazi kubwa ilikuwa ile ya meli ya Kijerumani Polarstern, iliyofanya safari tatu katika bahari ya Weddell na jirani zake kati ya 2002 na 2005. Nyavu zake zilishuka hadi mita 6,348. Matokeo yalipotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2007, viumbe zaidi ya 700 walikuwa hawajawahi kuandikwa. Kundi moja pekee, isopoda, viumbe wadogo wa ukoo wa kamba na kaa, lilitoa spishi 674, na zaidi ya asilimia 80 zilikuwa mpya. Kuzitambua ni jambo moja, kuzipa majina ni jingine; kazi hiyo ya pili huendelea miaka mingi baada ya meli kutia nanga.

Kwa nini kuna uhai mwingi kiasi hicho kwenye giza na baridi ya namna ile? Hapa msomaji aliyekulia Uvira, Baraka au Fizi, na Nakivale wapo wengi, ana kipimo chake tayari. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini mukeke na ndagala hawashuki mbali, kwa sababu chini ya mita 200 hivi oksijeni imekwisha kabisa. Maji ya juu ni ya joto na mepesi, ya chini ni mazito, na hayachanganyiki. Kilindi cha Tanganyika hakina samaki. Kwenye ncha ya kusini ya dunia baridi hugeuza mambo. Maji ya juu yakipoa na kuongezeka chumvi barafu inapoganda, huwa mazito na kuzama hadi sakafuni, yakibeba oksijeni. Ndiyo maana mita 6,000 chini ya Antaktika kuna anayepumua, ilhali mita 300 chini ya mtumbwi wa Uvira hakuna samaki hata mmoja. Kina peke yake hakiamui nani ataishi wapi.

Kisa cha kilindi kilicho karibu zaidi na wasemaji wa Kiswahili ni cha silikanti, na kinafaa kusimuliwa kwa kituo, maana watu wengi hukijua nusu.

Desemba 1938 nahodha Hendrik Goosen wa meli ya uvuvi Nerine alitia nanga East London, Afrika Kusini, akiwa na samaki wa rangi ya buluu mwenye urefu wa kama mita moja na nusu, magamba magumu na mapezi yaliyokaa kama vikonyo vya mikono. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyesimamia makumbusho madogo ya mji huo, alimchagua kutoka katika rundo la papa. Hakuwa na jokofu la kumtosha. Hata chumba cha maiti kilimkatalia. Ilibidi samaki achunwe na kukaushwa, na matumbo yake yakatupwa. Mtaalamu J.L.B. Smith, aliyekuwa likizoni mbali na hapo, alipoona mchoro aliotumiwa kwa barua alitambua jambo ambalo lingemfanya achekwe kama amekosea: huyu ni wa ukoo uliodhaniwa kutoweka pamoja na dainosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1939 alimwita Latimeria chalumnae, kwa heshima ya mwanamke yule na mto Chalumna.

Lakini bila matumbo, nusu ya maswali ilibaki bila jibu. Smith alimtafuta wa pili kwa miaka 14. Alisambaza vipeperushi vyenye picha na ahadi ya pauni 100 kando ya pwani ya Afrika Mashariki, na Desemba 1952 jibu likatoka Anjouan, Komoro. Wavuvi wa huko hawakushangaa hata kidogo. Walikuwa na jina lake, gombessa, na walimfahamu kama samaki wa mafuta mengi asiye na thamani sokoni. Kilichokuwa kipya kwao ni zile pauni mia.

Kisa hakikuishia Komoro. Mwaka 2001 meli ya uvuvi ilimnasa silikanti karibu na Malindi. Kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania walianza kuwatoa wengine, hasa mkoani Tanga, kwenye jarife, yaani nyavu za papa zinazotegwa kwenye kina kirefu. Waliendelea kunaswa hadi serikali ikatenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Kabla ya hapo, ni nani ajuaye wangapi waliopita jikoni? Mvuvi wa Kigombe, kijiji cha pwani ya Tanga, hakuwa na sababu ya kumpeleka samaki huyo chuo kikuu, na chuo kikuu hakikuwa na mtu wa kukaa Kigombe.

Kutoka Tanga hadi Mbarara ni mbali, ila hoja haibadiliki. Tena magharibi mwa Uganda kuna mfano mpya kuliko wa silikanti, na haukuhitaji bahari. Ziwa Edward, ambalo msafiri wa Mbarara hulifikia akipita Bushenyi na kushuka hadi Katunguru, lina jamaa za nkejje wengi, wote wa jenasi ya Haplochromis. Mama wa samaki hawa huatamia mayai mdomoni. Na palipo na mayai hapakosi mwizi: wapo ndugu zao wanaomvamia mama huyo, wakamgonga au kumbana mdomo hadi ateme, kisha wakala wanawe. Tangu Ethelwynn Trewavas alipomtaja Haplochromis taurinus mwaka 1933, ziwa lote lilihesabiwa kuwa na mwizi mmoja tu wa aina hiyo. Mwaka 2019 Nathan Vranken na wenzake wa makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, walionyesha kwamba wako watano. Wanne walikuwa wakivuliwa, kuuzwa na kuliwa bila jina la kisayansi.

Waliwatofautishaje? Kazi yenyewe haina fahari. Samaki anapotolewa kwenye maji hupigwa picha kwanza, akiwa mbichi, kwa sababu rangi ndiyo ya kwanza kupotea. Kijipande cha pezi hukatwa na kutiwa kwenye spiriti kwa ajili ya vinasaba, kwani fomalini huviharibu. Kisha mwili hulazwa kwenye fomalini ukakamae, baadaye huhamishiwa kwenye spiriti, na hufungiwa lebo iliyoandikwa kwa wino usiotoka: mahali, tarehe, mvuaji. Miezi au miaka baadaye mtu huhesabu magamba ya mstari wa ubavuni, hupima jicho, pembe ya mdomo na urefu wa taya, na hufungua koo kutazama mfupa wa pili wa kutafunia alionao samaki wa ukoo huu. Meno ya mfupa huo husema mengi: mapana kwa mla konokono, membamba kwa mla wadudu. Mwisho samaki mmoja huteuliwa kuwa sampuli ya rejea ya jina hilo milele. Utaratibu huo unatawaliwa na kanuni za kimataifa, na majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus cha 1758. Bila jina hilo ni vigumu mnyama kuingia kwenye orodha ya walio hatarini, au sheria kumtaja.

Ziwa Victoria linaonyesha gharama ya kuchelewa. Ziwa hilo lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita, na lilipojaa tena likazaa spishi kama 500 za furu, kasi ambayo haijaonekana kwa wanyama wengine wengi wenye uti wa mgongo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba asili yao ni mchanganyiko wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu. (Kwa hiyo wageni wa Kongo katika ukanda huu si habari ya leo, hata kwa samaki.) Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara, ambaye Uganda humwita mputa, aliingizwa ziwani. Timu ya Wadachi kutoka Leiden ilianza kuwachunguza furu wa Mwanza mwaka 1977, wakati mzuri na mbaya kwa pamoja: miaka michache baadaye sangara alilipuka kwa wingi, na spishi zinazokadiriwa kuwa 200 zikatoweka. Nyingi zilitoweka zikiwa na lakabu za watafiti tu. Miili yao ipo Leiden kwenye mitungi, na baadhi hadi leo hawana jina rasmi. Kwa upande wa biashara, sangara alileta viwanda vya minofu na fedha za kigeni, na si haki kumsimulia kama shetani peke yake. Lakini hesabu ya kilichopotea haitakamilika kamwe, kwa kuwa orodha ya kilichokuwepo haikuwahi kukamilika.

Kinachosahaulika ni kwamba sangara hakuua peke yake. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha jambo linalopaswa kuwatia wasiwasi watu wa Isingiro. Furu jike humchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka kwa tope na mwani, mwanga hupungua, rangi hazionekani, na jike hupandana na dume wa spishi nyingine. Samaki wanaendelea kuwepo, mvuvi anaendelea kujaza ndoo, lakini spishi mbili zinayeyuka zikawa moja. Hakuna mzoga wa kuonyesha. Ni namna ya kutoweka ambayo hata mvuvi mzoefu hataiona.

Sasa tazama Nakivale. Ziwa hili ni sehemu ya mfumo wa maziwa madogo, pamoja na Mburo, Kachera na Kijanebalola, unaolishwa na mto Rwizi kutoka milima ya Buhweju kupitia katikati ya Mbarara. Matete na mafunjo yanayoyatenga maziwa madogo ya ukanda huu na Victoria yana kazi yake: maji ya ndani ya mafunjo yana oksijeni kidogo mno, na samaki wakubwa kama sangara huyakwepa. Lauren Chapman na wenzake walilionyesha hilo kwa miaka mingi kwenye ziwa Nabugabo, upande wa Masaka, ambako samaki wa asili walijificha mafunjoni. Nabugabo hiyo hiyo, iliyotengwa na Victoria kwa ukingo wa mchanga kwa muda wa kama miaka 4,000 tu, ilikuwa na spishi tano za Haplochromis zisizopatikana kwingine. Na kule Kenya, kwenye ziwa Kanyaboli katika kinamasi cha Yala, ngege wa asili wa Victoria, Oreochromis esculentus, bado yupo ilhali Victoria yenyewe imempoteza. Maziwa madogo, kwa kifupi, yamehifadhi kilichotupwa na ziwa kubwa. Mwaka 2006 ardhioevu ya Mburo-Nakivale iliingizwa kwenye orodha ya mkataba wa Ramsar, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni samaki wa ukoo wa furu waliotoweka kwenye maziwa makubwa.

Hadhi hiyo haijazuia tope. Kingo za Rwizi zimelimwa na vinamasi vya juu vimekaushwa kwa malisho na migomba. Karibu na ziwa lenyewe miti imekatwa kwa kuni na mkaa. Ni rahisi kuwalaumu wakimbizi, na wapo wanaofanya hivyo. Makazi ya Nakivale na yale madogo ya Oruchinga, kusini kuelekea mto Kagera, yapo tangu miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzo wa 1960, na leo Nakivale ina watu zaidi ya laki moja wanaopika kwa kuni na kunywa maji yaliyosafishwa kutoka ziwani humo humo. Shinikizo hilo ni la kweli. Lakini tope la Rwizi huanzia Buhweju, kilomita nyingi kabla ya hema la kwanza, na udongo unaoshuka na mvua hauulizwi kitambulisho cha mkimbizi.

Tofauti kati ya Antaktika na Nakivale, basi, iko kwenye fedha na macho. Antaktika ina mkataba wake tangu 1959, uliotiwa saini na nchi 12, Afrika Kusini ikiwa pekee kutoka bara hili, na ina meli zinazoweza kuacha ratiba kufuata pande la barafu. Nakivale, iliyochunguzwa mara chache sana kuliko Victoria, haina hata mtungi wa kudumu. Sampuli za maziwa yetu, tangu safari za Waingereza za miaka ya 1920 na 1930, ziko London, Tervuren na Leiden. Kuna wanaosema zirudishwe zote. Huo ni mwito unaoeleweka, lakini mitungi inahitaji jengo lisiloungua, spiriti ya kuongezwa kila mara na mshahara wa mtu wa kuisimamia. Kuirudisha bila hayo ni kuizika. Kwa sampuli mpya mambo ni tofauti. Uganda ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, na inaweza kudai kwamba nakala ya kila kinachokusanywa ibaki nchini na jina la mtafiti wa hapa liwe kwenye chapisho.

Wa kuanza wapo. Taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Jinja ina mizizi tangu 1947. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, kiko umbali wa safari ya saa chache kutoka Nakivale, na tayari kinaendesha kituo cha utafiti wa misitu Bwindi. Huhitaji meli kupata nkejje wa Nakivale: unahitaji kufika mwaloni alfajiri kabla wachuuzi hawajagawana ndoo, ukiwa na kamera, mkasi, chupa za spiriti, na mtu anayeongea Kiswahili, Kinyankore na Kinyarwanda. Vijana wa namna hiyo wamejaa kwenye makazi, wengine wamemaliza sekondari na hawana kazi.

Wakuu wa idara ya biolojia Mbarara wanaweza kuipanga kazi hii kwa muhula mmoja, na ingefaa waianze kabla ya msimu ujao wa mvua kuteremsha tope jingine.